Miksa Iliyokosa cha Kuchanganya

Mwaka ambao wanunuzi binafsi walianza kugombea pamba yetu Bariadi, niliuza mapema nikapanda basi kwenda Mwanza kununua studio. Binamu yangu Salu alikuwa ameniletea kaseti ya deep house kutoka Dar, muziki wa besi nzito na ngoma isiyochoka. Niliisikiliza mpaka nikaamini nchi nzima inanisubiri mimi.

Kwenye duka la vyombo vya muziki muuzaji aliniuliza nataka nini.

"Vifaa vya deep house," nilisema, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa studio.

Akanionyesha kinanda cha mtumba chenye midundo ya ngoma ndani yake. "Anza na hiki. Kinajitosheleza."

Nilikitazama kwa huruma. Pembeni yake kulikuwa na miksa pana kama meza ya kulia chakula, vitufe safu kwa safu, na taa za kijani zinazopanda na kushuka.

"Nipe ile."

"Utaiunganisha na nini?"

"Ndugu yangu, kazi hii naijua."

Akaishusha, akaanza kuifunga.

Nilipofika nyumbani, wakwe na majirani walijaa kwenye chumba tulichokuwa tukihifadhia pamba. Nikawasha jenereta, taa zikawaka, watu wakapiga makofi. Mke wangu Nyanjige alingoja kidogo.

"Baba Flora, mbona haiimbi?"

"Hii haiimbi. Inachanganya."

"Inachanganya nini na nini?"

Nilizungusha kila kitufe. Kilichosikika ni jenereta tu. Baba mkwe alivumilia kwa heshima zote, halafu akakumbuka kwamba ng'ombe wake hawajanywa maji.

Nikaifunika kwa kanga, na kila aliyeuliza nilimwambia inapumzika.

Aliyeifunua ni Domitila, mwalimu wa kwaya ya parokia.

"Ng'wadila, Dastan," alinisalimu kwa Kisukuma. "Nasikia una mashine ya kuunganisha maikrofoni nyingi. Ya kwetu imeungua."

"Ndiyo maana niliinunua," nikajibu bila aibu.

Wakaja na maikrofoni zao na redio ya kurekodia. Ilinibidi nijifunze palepale kazi ya vile vitufe, huku wanakwaya wakidhani ninatafakari. Besi zilizidi, na jenereta ikasikika mpaka kwenye Baba Yetu, lakini kaseti tuliyorekodi ilipendwa hadi Maswa. Kwa shukrani Domitila alinipa kinanda kilichokuwa kimelala stoo ya parokia tangu mpigaji wake ahamie Shinyanga.

Hapo ndipo nilipotengeneza deep house yangu ya kwanza. Nilimpigia Nyanjige wimbo huo akiwa anapepeta mchele. Ngoma ikaenda, besi ikaingia, ngoma ikaendelea kwenda.

"Wimbo wenyewe unaanza saa ngapi?" akauliza.

"Ndio huu."

"Aa."

Akaendelea kupepeta. Kichwa chake kilikuwa kinatikisika kidogo kufuata ngoma, nami moyo ukanijaa furaha. Nilipomuuliza kama umempendeza, alisema ni shingo tu, imemkaza tangu asubuhi.