Kumi na Moja na Ushauri

Saa tisa alasiri, siku ya Jumamosi, kadi zilikuwa zimekwisha kugawanywa na Bwana Utaratibu alikuwa bado anauliza kama mchezo huo una kanuni za rufaa.

"Hauna, baba," alisema binti yake, aliyeuleta kutoka chuoni. "Kuna kushinda na kushindwa, basi."

"Kwa hiyo haujakamilika."

Jina la Bwana Utaratibu alipewa na mkewe mwaka wa kwanza wa ndoa, alipomkuta akipanga vijiko kwa vyeo. Kazini alikuwa afisa utumishi. Mkewe alikuwa mfamasia, naye ndiye aliyekaa upande wa pili wa meza. Walichoshindania ni chumba cha nyuma.

Jumatatu mama mzazi wa mfamasia angetoka hospitali na nyonga mpya, na mgonjwa wa nyonga halazwi kwenye kochi la sebuleni. Chumba kilikuwepo. Ndani yake mlikuwa na viti vitatu vyenye jumla ya miguu tisa, mashine ya kuchapia isiyo na herufi A, kalenda za miaka iliyokwisha zenye picha nzuri, na kabati lililoziba dirisha. Bwana Utaratibu alikiita maktaba. Tangu habari za nyonga zifike alikuwa "akilifanyia kazi suala hilo", na kazi hiyo haikuwa imehamisha hata kalenda moja. Mume na mke walipofikia kununiana, binti akasema: chezeni, mshindi aamue.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Kila mtu huanza na rundo la Makarani wanane. Zamu yako ikifika, unachukua kadi tano na kujumlisha nguvu zake: Karani ana nguvu moja, Fundi mbili, Mhandisi tatu. Kwa nguvu hizo unaajiri kadi mpya kutoka katikati ya meza, kila moja kwa bei yake. Usipotaka kuajiri, unastaafisha kadi moja, na ikitoka imetoka. Rundo likiisha, unachanganya upya kadi zako zote, za zamani na ulizoajiri, unaendelea. Wa kwanza kushika kadi tano zenye nguvu kumi na mbili anajenga Daraja, na mchezo ni wake.

Bwana Utaratibu akaajiri Fundi. Mkewe akastaafisha Karani.

"Umeanza kwa hasara, mke wangu. Watu saba watajenga daraja gani?"

"Wewe hesabu wako."

Zamu iliyofuata, Fundi mwingine huku, Karani mwingine nje kule.

"Unafukuza watu hata barua huwapi?"

"Dawa ikipitwa na wakati haipewi barua, baba watoto. Inatupwa."

"Karani hapitwi na wakati. Karani ni mhimili."

"Basi una mihimili minane na paa huna."

Binti akacheka. Baba yake akamtazama kwa jicho alilolitumia kwa wanaochelewa kazini.

Katikati ya mchezo ilijitokeza mezani kadi moja ya Mshauri. Alichorwa na tai, miwani na mkoba wa ngozi, na bei yake ilizidi ya Fundi aliyelala pembeni yake. Binti akasoma maandishi yake kwa sauti: Mshauri hana nguvu, ukimshika, unaruhusiwa kutazama kadi iliyo juu ya rundo lako, lakini huruhusiwi kuichukua wala kuibadilisha.

"Baba, mchukue Fundi. Huyu hana nguvu hata moja."

"Nguvu si kila kitu, mwanangu. Kuna mwelekeo."

"Mwache," alisema mfamasia bila kuinua macho. "Anatafuta mwenziwe."

Bwana Utaratibu akamwajiri Mshauri. Baadaye aliajiri pia Wahandisi watatu, na wala hakuwapata kwa bahati, hesabu aliijua. Ila kustaafisha hakustaafisha mtu. Rundo lake lilinenepa mpaka likahitaji mikono miwili kulichanganya, na safari moja Makarani wawili waliponyoka wakaingia chini ya kochi. Aliwafuata kwa magoti. La mkewe lilibaki jembamba kama pakiti ya vidonge, na Wahandisi aliowaajiri yeye walirudi mkononi kila baada ya muda mfupi kama wageni waliojua saa ya chakula.

Hata hivyo, mwenye rundo kubwa naye ana siku yake. Bwana Utaratibu alichukua kadi tano, akazifunua polepole. Mhandisi. Mhandisi. Fundi. Mhandisi. Alikuwa na nguvu kumi na moja na kadi moja haijafunuliwa. Hata Karani angetosha.

Akafunua. Tai, miwani, mkoba wa ngozi.

"Kumi na moja," alisema binti.

"Kumi na moja na ushauri," alisahihisha baba yake.

Kwa kuwa ilikuwa haki yake, akaitazama kadi iliyo juu ya rundo.

"Nani huyo?" aliuliza mkewe.

"Ni siri ya ofisi."

Binti akachungulia begani mwake. "Karani! Baba, hapo ungemwajiri Fundi badala ya huyu mwenye tai, saa hizi ungekuwa na kumi na tatu."

"Nilisema tangu mwanzo," alijibu Bwana Utaratibu, "Karani ni mhimili."

Mfamasia akachukua kadi zake, akazilaza mezani wazi: Wahandisi watatu, Fundi mmoja, Karani mmoja. Kumi na mbili.

"Kumbe na wewe unafuga Karani!"

"Mmoja. Kila duka linahitaji mtu wa kufungua mlango."

Bwana Utaratibu aliomba mchezo urudiwe, akakataliwa. Aliomba makabidhiano ya chumba yafanyike kwa awamu, na iundwe kamati ya kuainisha viti.

"Mama anakuja Jumatatu," alisema mfamasia. "Awamu ni moja. Shika huko."

Alikuwa amekwisha kuingia chumba cha nyuma na kushika upande mmoja wa kabati. Bwana Utaratibu akatazama kalenda, akatazama mashine ya kuchapia, kisha akashika upande wa pili. Kabati likatoka ukutani kwa mkwaruzo mrefu. Binti akapita nyuma yake, akasukuma dirisha mara mbili, na mara ya tatu likafunguka.