Siku Junkiri Alipompima Kapteni Rewati

Kufikia saa kumi na moja na nusu alfajiri, Junkiri Gurung alikuwa ameshakula mayai matatu ya kuchemsha, samaki watatu wa kukaanga na bakuli tatu za maziwa ya mgando, na hakuna hata kimoja alichokuwa na hamu nacho.

Kwao, mtu akiwa na safari kubwa hulishwa yai, samaki na mgando ili mambo yake yanyooke. Ukikataa, umekataa baraka. Na siku ile Junkiri alikuwa anapimwa ukapteni. Miaka sita alikuwa amekaa kiti cha kulia, rubani msaidizi. Leo angekaa cha kushoto, aipeleke ndege kutoka Nepalgunj hadi Thulakhola, huku Kapteni Basnyat amekaa pembeni yake na daftari. Akifaulu, ni kapteni. Akianguka, anasubiri mwaka mzima ndipo apimwe tena.

Kapteni Rewati Sherchan alimlisha nyumbani. Kabita, rubani mwenzake, alimlisha getini. Maiya, mwanamke wa mzani wa mizigo, alimlisha mlangoni pa ghala. Kila mmoja aliamini wenzake wamesahau.

"Maiya, nimeshakula," Junkiri alisema.

"Umekula kwa nani? Hao wanajua kukaanga samaki? Fungua mdomo."

Kila aliyemlisha alimpaka na tika kwenye paji la uso, mchele uliochanganywa na mgando na rangi nyekundu. Ya tatu ilipopakwa juu ya zile mbili, ilikuwa nene kama kitumbua, na ilianza kumtiririkia kwenye nyusi.

Alikwenda kuikagua ndege. Junkiri alikuwa mtu wa kutazama. Tangu akiwa binti mdogo alipewa kazi ya kuangalia mbuzi, akajifunza kujua aliyepotea kabla ya kuhesabu. Alizunguka bawa, akagusa matairi, akafika mbele, akasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa limenyanyuka kuliko kawaida yake. Ndege ilikuwa imekalia mkia, kama kuku anayetaka kutaga.

Alichukua karatasi ya uzito. Kilo zote zilikuwa zimeandikwa vizuri, zimefika kwenye kikomo bila kuzidi. Nyuma kabisa: vifaa vya ofisi, kilo kumi.

Thulakhola hakuna ofisi. Kuna kibanda na mbuzi.

Alifungua mlango wa mizigo wa nyuma. Harufu ya nyama ya mbuzi ikamkaribisha. Kulikuwa na sufuria mbili kubwa zimefungwa kwa shuka la kitandani, ngoma, kapu la mikate ya mchele ya mviringo, keki, na maboksi matatu ya mashada ya maua. Kisha akasikia mtu anacheka kwa kujibana ndani ya ndege. Akachungulia. Kwenye viti viwili vya mwisho walikuwa wamekaa Kapteni Rewati na Kabita, wamejifunika mitandio usoni kama mabibi harusi.

"Abiria wa kawaida tu sisi," alisema Rewati ndani ya mtandio. "Tunakwenda kusalimia wazee."

"Wazee gani, dada?"

"Wazee wowote. Washa ndege."

Huyu ndiye Rewati aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuwa kapteni kwenye kampuni ile. Ndiye aliyekwenda kukaa ofisini kwa mkubwa akasema hanyanyuki mpaka jina la Junkiri liandikwe kwenye orodha ya kupimwa. Alikaa mpaka jioni. Mkubwa mwenyewe ndiye aliyenyanyuka, akaandika.

Junkiri aligeuka. Kapteni Basnyat alikuwa amesimama chini ya bawa, mikono nyuma, daftari kwapani. Alikuwa mtu anayeweza kunyamaza mpaka ukakiri dhambi za babu yako.

Kiwanja cha Thulakhola kimechongwa ubavuni mwa mlima kama rafu. Huku mwisho ni ukuta wa mwamba, huku mwanzo ni bonde. Ukishaikaribia ardhi pale huna pa kugeukia. Ndiyo maana kila kitu hupimwa, hadi kuku. Wasiopimwa ni marubani tu, kwa sababu wao ni wa nyumbani. Wanaulizwa kilo zao kwa mdomo, na zinaandikwa.

"Nani aliwapima hawa?" Junkiri alimuuliza Maiya.

Maiya alitazama viatu vyake. "Kabita alisema hamsini. Kapteni Rewati alisema hamsini na nane."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi. Mwaka wa tisa huu."

Kwenye kivuli cha ghala bibi mmoja wa Thulakhola alikuwa anafoka peke yake. Magunia yake mawili ya mchele, ya kilo hamsini hamsini, yalikuwa yameshushwa tangu alfajiri, akaambiwa ndege imejaa. "Imejaa nini?" aliuliza bibi. "Mimi nasikia harufu ya mbuzi!"

Junkiri alivuta pumzi. Tika ikamdondokea puani.

"Mzani," alisema. "Kila mtu apande. Na mimi."

Alipanda wa kwanza. Kwenye karatasi alikuwa hamsini na nne. Mzani ukasema hamsini na sita.

"Ni mayai," alisema Kabita.

Kabita akaja sitini na tatu. Vile vifaa vya ofisi vikaja sabini. Kisha Rewati akapanda polepole, akavua saa, akavua viatu, akavua mtandio. Sindano ikaenda mpaka sabini na nne, ikatulia pale bila haya.

"Mzani huu umeharibika," alisema Rewati.

"Kapteni, mzani huohuo ndio uliopima magunia yangu sawasawa!" bibi akapiga kelele.

Walikuwa wamezidi kilo tisini na moja.

"Vyakula vishuke," alisema Rewati. "Bado ishirini na moja? Basi Kabita naye ashuke. Ni mdogo, atapata siku nyingine."

"Mimi? Dada, ngoma nani ataipiga?"

"Ngoma si imeshuka?"

"Basi shuka wewe, ndiye mwenye kilo!"

"Tumwache Basnyat," Rewati alinong'ona, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mnara wa kuongozea ndege. "Ana faida gani?"

Abiria waliokuwa wanasubiri kupanda walicheka. Junkiri hakucheka. Jua lilikuwa limeshatoka, na kule juu upepo haungoji mtu, ikifika saa tatu unafunga njia ya kutua. Angemshusha Kabita peke yake, hesabu ingekubali, na Rewati angekwenda. Lakini magunia ya bibi yangebaki chini ili mtu mmoja ampigie yeye makofi.

"Kapteni Rewati," alisema. Maisha yake yote hakuwahi kumwita hivyo, ilikuwa dada, dada. "Nawe Kabita. Mtabaki wote wawili. Maiya, pakia mchele."

Rewati alimtazama, viatu mkononi.

"Zitabaki kilo kumi na sita," Junkiri aliongeza.

"Kumi na sita hazitoshi hata mguu wangu," alisema Rewati. Akageuka, akaenda ghalani pekupeku, wala hakuangalia nyuma.

Njia nzima ya kwenda Junkiri aliuona ule mgongo wa Rewati. Lakini mikono yake ilifanya kazi yake. Aliingia bondeni, akapunguza mwendo, akausubiri mwamba ukue mbele yake, akatua mwanzoni kabisa mwa kiwanja, ndege ikapanda mteremko na kusimama yenyewe. Bibi akashuka akayapapasa magunia yake kama watoto waliotoka homa.

"Nilivyotua je, kapteni?" aliuliza Junkiri.

"Vizuri," alisema Basnyat. Akafungua daftari. Ukurasa wa leo ulikuwa na mstari mmoja tu, kwamba amefaulu, na saa iliyoandikwa pembeni ilikuwa kabla ya kuruka. "Miaka kumi iliyopita nami nilitaka kumshusha huyohuyo Rewati kwenye ndege. Nilimwogopa." Akachukua redio ya kampuni. "Nepalgunj, tumetua Thulakhola salama. Rubani ni Kapteni Junkiri Gurung."

Redio ikalipuka. Kabita alikuwa anapiga yowe. Sauti ya mwanamke mwingine ikaingia kutoka kwenye ndege iliyokuwa juu ya Pokhara: "Hongera, mdogo wangu!" Nyingine ikaingia kutoka Biratnagar, inaimba, tena vibaya. Mwanamume wa ofisini akawa anasihi, "Jamani, redio hii ni ya kazi! Jamani!" Hakuna aliyemsikia. Rewati tu ndiye hakusikika, na Junkiri alisubiri ameshika usukani wa ndege iliyozimwa.

Mwishowe zile sauti zikapungua, ikaja moja nzito ya mwanamke, ya kiofisi.

"Kapteni Gurung, hapa kuna abiria wawili na sufuria mbili za nyama. Tangu saa kumi na mbili hawajui kama wana nafasi safari ya pili. Nijibu, nyama inapoa."

Junkiri alibonyeza kitufe. Machozi yalikuwa yameshaichanganya tika na mashavu.

"Nafasi ipo, dada. Lakini wapimwe upya, kwa sababu najua mmeshaanza kula."