Jua la Ng'ambo

Video ilikuwa ya dakika mbili: nyumba zinaungua ufukweni, watu wanakimbia, bunduki zinalia. Maandishi ya chini yalisema ni kijiji cha ng'ambo ya ziwa, Kongo, jana jioni. Mimi Lyamba sikungoja. Nilitunga beti sita za moto, nikazibandika pamoja na video kwenye kundi letu la WhatsApp. Ikola nzima, kijiji chetu cha upande huu wa ziwa, ikanisifu.

Asubuhi nikamkuta Mama Donatille, anayeanika dagaa, amekaa chini, ndugu zake wakipanga matanga. Kaka yake Séverin anaishi kijiji hicho, na simu yake haipatikani.

"Mshairi, njoo hapa. Umeiona maiti ya kaka yangu kwenye hiyo video?"

"Hapana, mama."

"Sasa marehemu wa ubeti wako wa nne umemwona kwa macho ya nani?"

Nikakaa kando yake tukaitazama tena, bila sauti, tukiisimamisha kila baada ya sekunde chache. Mimi nilitafuta sura za watu. Yeye alitazama mchanga.

"Rudisha. Hao wanawake nyuma ya moshi wanakusanya dagaa. Asubuhi tunaanika, jioni tunakusanya."

"Si ndiyo, wameandika jioni."

"Eee. Na jua liko wapi?"

Lilikuwa jekundu, linagusa maji. Ikola tunaliona hivyo kila jioni, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Lakini ng'ambo jua huchomoza ziwani. Jioni huzama nyuma ya milima yao.

"Hapa siyo kwa kaka," alisema polepole.

Nikakata picha moja ya video, nikaitafuta mtandaoni. Ikatokea kwenye ukurasa wa zamani: video ileile, imewekwa miaka mitatu iliyopita, ziwa jingine kabisa.

"Kwa hiyo Séverin mzima?"

Ulimi ulitaka kusema ndiyo.

"Sijui, mama. Tunajua tu hii siyo ya kwao."

Akanyanyuka, akawaambia ndugu wakunje mikeka. "Na wewe zima moto wako."

Nilifuta beti zote sita, nikaandika kwenye kundi kwamba nimekosea, nikaeleza habari ya jua. Yeye akampigia kaka yake tena. Mimi nikatafuta mtu wa kijiji kile aliyeandika chochote mtandaoni tangu jana, nikampata muuza mafuta ya mawese. Kabla ya kumuuliza habari za Séverin, nikamwandikia: "Kaka, piga picha ya ziwa sasa hivi. Nataka kuona jua."