Bata Mzinga Apungukiwa na Somo

Brody Haugen aliacha somo la boling, ule mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha vigingi, akiwa amejilaza kitandani, kwa kidole kimoja kwenye simu, huku akitafuna chipsi. Mimi ninayeishi naye chumba kimoja bwenini nilimwona. Sababu yake? Viatu. Pale ukumbini unaazimwa viatu ambavyo nusu ya watu wa jimbo letu la Iowa wameshavitolea jasho, na Brody eti ana pua ya kifalme.

Kesho yake watu wa chuo wakampa habari kwamba sasa si mwanafunzi kamili. Mwanafunzi kamili huwa na krediti, yaani vipimo vya masomo, kumi na mbili, naye amebaki na kumi na moja. Asiye mwanafunzi kamili haruhusiwi kuvaa vazi la bata mzinga, ndege wa nembo ya timu yetu.

Hapo ndipo rafiki yangu alipolia. Maana bata mzinga wa chuo chetu, yule anayecheza uwanjani timu ikiingia, ni yeye. Kwa desturi yetu anayevaa bata hajulikani mpaka siku ya mahafali. Mimi nilijua kwa sababu miguu ya yule ndege ililala chini ya kitanda changu. Na Brody huyu, nje ya manyoya, hawezi hata kuagiza piza kwa simu. Mimi ndiye msemaji wake, kazi isiyo na mshahara. Akishavaa kile kichwa sasa! Anakatika kiuno mbele ya umati, anamkalia refa mapajani. Jumamosi ilikuwa mechi kubwa ya mwaka, wahitimu wa zamani wanarudi na wajukuu. Kuikosa kungemuua.

Nikamburuta hadi ofisi ya usajili. Mama Lundquist wa dirishani akatueleza kwamba boling hairudishwi, muda wa kubadili masomo umeshapita. Yapo masomo ya nusu muhula yanayoanza siku ile ile, ila yote yamejaa isipokuwa moja la krediti moja.

“Lipi?” nikauliza mimi, msemaji wake.

“Kuzungumza mbele ya watu.”

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Brody akanitazama kwa chuki ya kweli, kisha akajiandikisha.

Mwalimu, Bi Okerlund, akaniruhusu mimi msindikizaji nikae nyuma. Akatangaza kwamba kila mmoja atasimama ajieleze dakika mbili, tena leo leo. Asiyezungumza, jina lake linafutwa darasani. Ikafika zamu ya Brody. Akasimama. Shingo ikawa nyekundu, midomo ikafunguka, na kilichotoka, jamani, ni mlio wa bata mzinga. Mlio kamili, wa tumboni.

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilitaka ardhi ipasuke, tena si kwa ajili yangu.

“Endelea,” akasema Bi Okerlund, bila hata kutabasamu.

“Naitwa Brody,” akasema. “Yule bata ni mimi. Nikiwa ndani yake siogopi mtu. Sasa hivi nawaogopa nyote.” Akaendelea hivyo hivyo, akitazama viatu vyake, akaeleza joto la mle ndani, na watoto wanavyomkumbatia, na kwamba hakuna aliyewahi kumkumbatia akiwa hana manyoya. Hakuna aliyecheka tena. Dakika mbili zikapita, akawa hanyamazi. Nilitoa machozi, sioni aibu kusema.

Wanafunzi wakaapa kutunza siri. Wanafunzi! Jumamosi bata alipotoka mbio uwanjani, darasa zima likasimama na kuimba, “Brody! Brody!” na jukwaa zima likadakia, wazee wa watu wasiomjua wala kumsikia. Mkufunzi wa washangiliaji akashika kichwa kwa mikono miwili.

Bata akaganda katikati ya uwanja. Nikasema amekwisha huyu, atakimbia. Akainamisha ule mdomo mkubwa, kisha akavua kichwa. Alikuwa amelowa jasho na nywele zimemsimama. Akapunga bawa, na hakukirudisha kichwa mpaka mechi ikaisha.