Keki ya Seksheni ya Kwanza

Katika kikosi chao cha Waingereza, vitani huko Ufaransa mwaka 1916, keki iliyotumwa kwa askari aliyekwisha kufa haikurudishwa nyumbani. Wenzake wa seksheni, kikundi chake cha askari kumi na wawili, waliila. Lakini baada ya shambulio la Jumamosi, seksheni ya kwanza ilibaki na Wilfred Sagar peke yake, kwa kuwa siku hiyo aliamriwa kubaki nyuma. Sasa alipakata, bila kuikata, keki ambayo marehemu Clem Entwistle, jirani yake wa Burnley, kaskazini mwa Uingereza, alitumiwa na mama yake.

Askari wapya kutoka kusini, walioletwa asubuhi kuziba nafasi, walikuwa wakimtazama.

"Mzee, hiyo utaila au utaizika?" akauliza mmoja wao, Pascoe. Wilfred alikuwa na miaka ishirini na miwili.

"Ni ya seksheni ya kwanza."

"Na sisi je, si wametupanga hiyohiyo? Au ni ya tisini?"

 Kwa Wilfred, kuwakatia kulikuwa ni kukubali kwamba wale kumi na mmoja hawarudi. Akamwomba Mungu nguvu, akatoa kisu.

"Vueni kofia kwanza. Mwenye keki aliitwa Clem."

Wakavua. Akaomba, akawagawia. Walikula wakisimuliana mambo ya kwao asiyoyajua Wilfred, naye akatafuna kipande chake taratibu mpaka kikaisha.