Mtungi Usiotoa Jasho

Okiria hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kujiona tu, na Malaba ilimjua hivyo: wakala wa forodha, viatu viking'aa hata siku ya matope, simu mbili mkononi, na kila dereva wa lori akimwita boss ili mizigo yake isikwame mpakani. Mtu wa aina hiyo ukimwambia kwamba mtungi uliopinda shingo utawekwa mezani kwa jina lake, mbele ya wazazi wote, umemtafutia maradhi.

Na mtungi wa binti yake Akwii ulikuwa umepinda kwelikweli.

Akwii alikuwa Gredi ya Tano. Mwalimu wake, Benedetta, alikuwa amewaambia kwamba muhula huo masomo yote yangekutana kwenye kitu kimoja: kila mtoto afinyange mtungi wa maji kwa mikono yake mwenyewe. Kwenye sanaa wangeutia nakshi, kwenye hisabati wapime unajaa lita ngapi, na kwenye masomo ya jamii waulize udongo wake unachimbwa wapi na nani aliyewafundisha wazee kuuchoma. Utamu wenyewe ulikuwa kwenye sayansi, maana huko ndiko wangejua kwa nini maji ya mtungini hupoa bila friji. Basi Akwii akawa haambiliki. Kila Jumamosi alikwenda kijijini kwa Tata, nyanya yake mzaa mama, akarudi na udongo hadi kwenye nyusi. Mezani alikuwa akimwaga maneno: "Baba, unajua mtungi unatoa jasho? Maji inapita polepole kwa udongo, ikifika nje upepo inaikausha, na hiyo ndiyo inafanya ya ndani ipoe!" Okiria aliitikia "eeh" huku macho yake yako kwenye simu. Laiti angesikiliza siku hiyo, hadithi hii isingekuwepo.

Jumapili, kesho yake ikiwa siku ya maonyesho ya mitungi shuleni, aliutazama ule mtungi pale barazani, mdomo umelalia upande kama mtu mwenye jino bovu. Akawaza watakaokuja: afisa wa benki, mke wa daktari, mawakala wenzake wasioishiwa masimango. Akavuka upande wa Uganda, akanunua mtungi mwingine kwa mchuuzi wa mapambo. Ulikuwa mtungi wa kupendeza, mviringo kamili, umepakwa rangi ya mafuta nyekundu na maua ya manjano, unang'aa kuliko hata viatu vyake. Aliporudi aliuchukua wa Akwii, akaupeleka nyuma ya nyumba, akaukanyaga kwa kisigino, akavitupa vigae kwenye shimo la taka. Jioni akamwambia mtoto kwamba mbuzi ameuangusha.

"Lakini usijali," akasema. "Nimekutafutia mzuri zaidi."

Akwii aliutazama ule mtungi mwekundu. "Sawa, baba," akasema, akaenda kulala bila kula. Okiria alidhani ni uchovu.

Asubuhi wazazi walijaa chini ya hema uwanjani. Okiria alikaa mstari wa mbele, mguu juu ya mguu, mtungi wake ukiwaka katikati ya mitungi iliyochongoka na kubonyea. Mawakala wenzake walimpungia mkono. Alikuwa bado anavimba kichwa Mwalimu Benedetta aliposhika kipaza sauti akasema, "Leo tumealika mfinyanzi mwenyewe, yule alifundisha hawa watoto. Tumpigie Mama Amuge makofi!"

Mama Amuge, yule Tata wa Akwii, alikuwa mama mkwe wa Okiria.

Kwa Wateso, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mkono wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja hujitenga, na lenye kusemwa hupitishwa kwa mtu wa tatu. Si chuki, ni heshima. Okiria alinyanyuka haraka akahamia pembeni, akageuza kiti na kutazama ukuta wa choo. Wazazi wa Kiteso walielewa. Angeondoka kabisa, ila kuondoka kungewafanya watu waulize.

Watoto walikuwa wamejaza mitungi yao maji tangu asubuhi. Sasa Mwalimu Benedetta alipita na kipimajoto, na kila mtoto akisoma kipimo chake kwa sauti, wazazi wanamshangilia. Mitungi ile mibaya ililowa nje kama shingo za wabeba magunia, na maji yake yalikuwa baridi. Akafika kwa Akwii.

"Akwii, hii maji mbona iko na joto? Na mtungi ni mkavu."

"Imepakwa rangi, mwalimu," Akwii akasema polepole. "Rangi imeziba. Maji haiwezi kupita."

"Umejibu poa sana. Sasa kama ulijua, mbona ukapaka?"

Watoto wakacheka. Mama Amuge akausogelea ule mtungi, akaugonga kwa ukucha, akautazama kitako.

"Huu si mkono wa mjukuu wangu," akasema. "Ule tulichoma pamoja uko wapi? Akwii, muulize baba yako."

Akwii akapita katikati ya watu mpaka kwenye kile kiti kilichogeuzwa. "Baba, Tata anauliza mtungi wangu uko wapi."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini aliyekwisha kuishika huona aibu kurudi. "Mwambie ni mbuzi," Okiria akanong'ona.

Akwii alimtazama kidogo, kisha akarudi. "Anasema ni mbuzi, Tata."

"Mbuzi!" Mama Amuge akapandisha sauti. "Si nilikuambia mtungi haukai barazani? Nilisema ndani, juu ya kata ya nyasi! Kazi yote ile, halafu wewe unaachia mbuzi? Huna masikio?"

"Pole, Tata," Akwii akasema. Aliinamisha kichwa, na wenzake wakacheka tena.

Okiria aliyasikia yote akiwa ameupa uwanja mgongo. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, masikio yakamwaka moto. Mila ilikuwa imempa pa kujificha, na mtoto ndiye aliyeachwa nje. Hata kama angetaka kusema kweli, ingebidi aitume kwa mdomo wa huyo huyo mtoto, mbele ya wote waliomcheka. Hapana. Hilo lilimshinda.

Akasimama, akageuka, akamtazama mama mkwe wake usoni. Mzee mmoja akaguna, mwanamke akaziba mdomo.

"Mama," akasema. "Hakuna mbuzi. Ni mimi niliuvunja. Niliona umepinda, nikaona haya. Mtoto hana kosa."

Mawakala wenzake walipata ghafla mambo ya kutazama kwenye simu zao. Mama Amuge alikuwa amekwisha kujifunika uso kwa leso, kama ilivyompasa. Kisha akasema, "Akwii, mwambie baba yako nimesikia."

Akwii akaja tena mpaka kwenye kiti. "Tata anasema amesikia."

Okiria akachuchumaa ili macho yao yawe sawa, vumbi likampata kwenye viatu. "Na wewe, mwanangu? Nisamehe. Nilikudanganya."

"Hukunidanganya," Akwii akasema. "Nilikuwa dirishani, baba. Nilikuona ukiukanyaga."