Bahasha ya Arobaini na Moja

Bahasha zilikaa ndani ya droo ya chuma, zimepangwa kwa nambari, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Kilonzo pamoja na kitambulisho cha kazi. Mgonjwa akiletwa ICU, vijidudu vimeshaingia kwenye damu na presha imeanguka, jamaa yake akishatia sahihi, muuguzi Kilonzo anachukua bahasha inayofuata, hiyo hiyo na si nyingine, anaichana. Ndani mna neno moja: HARAKA au POLEPOLE. Haraka ni lita mbili za dripu ndani ya saa moja. Polepole ni tone kwa tone mpaka kesho. Daktari hachagui, muuguzi hachagui. Karatasi ndiyo inachagua, na bila hivyo utafiti si utafiti.

Lakini mwaka huo wa 2008, katika hospitali ile ndogo nje ya Ngong Road, hakuna aliyeamini kwamba polepole ni matibabu. Wote walikuwa wamefundishwa kwamba presha ikianguka unajaza maji upesi. Karatasi ikitoka polepole, wauguzi walinong'onezana, "Huyu ameangukia upande wa kiangazi."

Basi asubuhi moja Gerishon Waithaka akafika na mkewe, amelazwa nyuma ya pikapu ya jirani. Kilonzo alimtambua kabla ya kuona uso, kwa lile sweta la kijani. Ni Nyokabi. Kilonzo alikuwa amepanga chumba kwao Mutuini mwaka wa sita sasa, na kila alfajiri mama huyo alimwachia chupa ya maziwa mlangoni, akimtania kwamba Mkamba aliyekonda namna hiyo atamwaibisha mwenye ploti. Jembe lilikuwa limemkata mguu wiki iliyopita. Alifunga kitambaa, akaendelea kulima. Sasa alikuwa anatetemeka na kuwaita watu waliozikwa zamani.

"Kilonzo, wewe ni mtu wa kwangu," Gerishon alisema. "Usiniletee mambo ya foleni."

"Hapa hakuna foleni, mzee. Weka sahihi hapa."

"Hii inasema nini?"

"Unakubali mkeo, Mama Ciru, aingie kwa utafiti. Kuna njia mbili za kumpa maji. Atapata moja."

"Basi mpatie ile nzuri."

Kilonzo aliichukua fomu iliyotiwa sahihi. Aliingia ofisini, akafungua droo, akatoa nambari arobaini na moja. Ukutani palikuwa na kile kisanduku cha taa cha kusomea eksirei. Mkono wake ulikiwasha kabla kichwa hakijakubali. Akaibandika bahasha kwenye kioo kama picha ya kifua, na herufi zikajitokeza, hafifu lakini zinasomeka: POLEPOLE. Akajaribu ya arobaini na mbili. HARAKA.

Akaichana hiyo ya pili. Ya kwanza akairudisha mahali pake.

Lita mbili ziliingia. Presha ikapanda, Nyokabi akafumbua macho na kuuliza nani amefungia ng'ombe.

"Umemtafutia ile nzuri, sivyo?" Gerishon aliuliza.

"Nimemtafutia, mzee."

Kufikia jioni pumzi yake ilikuwa inatoka na povu. Mapafu yalikuwa yanajaa maji. Wakamtia mpira kooni, mashine ikampumulia siku mbili, na ya tatu, saa sita mchana, Daktari Simran, aliyesimamia utafiti, akaizima mashine na kuandika saa kwenye faili.

Bahasha ya arobaini na moja ilimwendea mwenye duka kutoka Jamhuri, Alkarim, aliyeletwa siku mbili baada ya Nyokabi. Dripu yake ilidondoka kama mfereji mbovu. Siku ya tisa alitoka kwa miguu yake, akilalamika kwamba chai ya wodini haina tangawizi.

Mazishini Gerishon alimshika Kilonzo mkono mbele ya watu. "Huyu ndiye alimpigania mke wangu," alisema. Kilonzo akajiambia kwamba mama aliletwa amechelewa, na maneno hayo yakamtosha miezi saba. Maziwa hayakukoma. Sasa ni Ciru, binti yao, aliyeileta chupa.

Kisha Jumanne moja Daktari Simran akawaita wote.

"Tumesimamishwa," alisema. "Kamati ya usalama wa utafiti imehesabu. Wale wa haraka wamekufa zaidi. Zaidi sana."

"Haiwezekani," alisema Muthama, muuguzi mzee kuliko wote. "Tumejaza watu maji miaka yote hii."

"Najua. Hata mimi."

Wengine walipotoka alimzuia Kilonzo, akamwekea fomu mbili mezani. "Arobaini na mbili imefunguliwa tarehe tisa. Arobaini na moja, tarehe kumi na moja. Kama bahasha zilishikana, niambie, niandike hivyo tumalize."

Mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi namna hiyo. Kilonzo alikitazama kisanduku ukutani.

"Nilizisoma kwa taa," alisema.

Daktari alizikusanya zile fomu. "Ulikuwa unamjua."

"Alikuwa ananiwekea maziwa."

"Lete ufunguo."

Aliuvua shingoni. "Daktari, kwa ile nyingine angepona?"

"Hata wa polepole walikufa, Kilonzo. Hakuna anayejua. Na wewe usijifanye unajua."

Alipofika Mutuini jua halijazama. Gerishon alikuwa zizini anakamua. Kilonzo alimweleza yote, tangu taa mpaka ufunguo, na mzee hakuondoa mikono kwenye chuchu mpaka Kilonzo alipomaliza.

"Mimi ndiye nilikuambia umpatie nzuri," Gerishon alisema.

"Wewe hukujua, mzee. Mimi ndiye nilikatazwa."

"Na hiyo ingine, angepona?"

"Sijui."

"Hujui." Gerishon aliinuka, akaifunika ndoo. "Ciru! Kuja hapa. Kilonzo ana kitu ya kukuambia." Kisha akamsogelea na kuteremsha sauti. "Mwambie vile umeniambia. Na usiruke pale uliponiambia umemtafutia ile nzuri."

Ciru alitoka jikoni. Mkononi alikuwa na chupa ya Kilonzo ya kesho, ameshaiosha, na bado inadondoka maji.